Tangi Halikuja Kwetu

Kavuthu, karibu na soko la Kalamba,
Makueni.
Mwisho wa Septemba.

Kaka yangu Mwau,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini zitakukuta wewe, Mbinya na watoto mkiwa na afya, na kwamba joto la Garissa halijawakausha kabisa. Kifua chako je? Mara ya mwisho ulikohoa kwenye simu mpaka nikasahau nilichotaka kukwambia. Tafadhali usizibe magurudumu yaliyotoboka kwenye lile vumbi bila kufunga kitambaa mdomoni. Najua utacheka, lakini nimeshasema. Huku sisi tupo. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na mgongo wangu unaujua. Mwaitu naye yupo. Nitafika kwake baadaye, kwa sababu mama yetu ndiye aliyenifanya nikae chini na kalamu.

Barua hii anakuletea Abdijabar, yule mnunuzi wa mbuzi ambaye duka la ndugu yake Adan limepakana na banda lako. Alikuja sokoni Kalamba kununua, nikamwomba asiondoke kabla sijamaliza kuandika. Amenitania kwamba watu wote siku hizi wanatumiana sauti kwa simu, na mimi peke yangu nimemfanya tarishi wa posta. Nimemwambia kuna maneno ambayo nikianza kuyasema kwa simu utanikatiza kabla sijafika katikati. Unajijua, Mwau. Ukikasirika husikii. Wiki jana ulipopiga nikakwambia mtandao unasumbua, mtandao haukuwa na shida yoyote. Nilizima simu.

Ulisema umeshaongea na wakili, na kwamba utakuja huku kumshtaki mzee Ndululu na watu wake wa Kyangunga kwa kununua kura ili bomba la maji liende upande wao. Ulisema ni wezi, na kwamba hukufukuzwa nyumbani ukiwa kijana ili wezi wengine waje wakalie kiti cha chifu. Nakuomba usimlipe huyo wakili hata shilingi moja kabla ya kusoma barua hii mpaka mwisho. Na ukiisoma, isome ukiwa umekaa.

Wacha nianze na uchovu, kwa sababu ndio nilio nao kwa wingi.

Unajua mwaka jana walinichagua mwenyekiti wa kamati ya kijiji. Ulifurahi kuliko mimi. Ulisema hatimaye mtoto wa nyumba yetu atakaa mbele ya watu, na bila kofia ya serikali. Mimi nilidhani nitafungua mikutano kwa maombi na kuifunga kwa maombi, na katikati watu wataongea. Kumbe kuongea kwenyewe ndiko kazi. Zamani za chifu baraza liliisha kabla jua halijakuwa kali. Alisimama na fimbo yake, akatuambia lililoamuliwa, akauliza nani anapinga, tukanyamaza, tukapiga makofi, tukaenda kulima. Sasa kuna kitu kinaitwa ushirikishwaji wa umma, jina refu kuliko foleni ya maji. Kila mtu anasema. Yuko mzee mmoja hapa ambaye hawezi kuzungumzia bomba kabla hajapitia kuumbwa kwa ulimwengu. Wako kina mama ambao walikaa kimya miaka yote ile, na sasa wanalipiza. Huwezi kumkatiza mtu, kwa sababu ukimkatiza atasema umekuwa chifu. Narudi nyumbani jioni taya zinauma na mahindi hayajapigwa.

Si kwamba nalalamika juu ya haki yenyewe. Nakwambia tu kwamba hakuna aliyetuambia inachosha hivi. Wewe uliyeitaka kwanza, hukutuambia.

Sasa habari ya bomba. Kaunti ilikubali kuleta maji kutoka milima ya Kilungu, lakini fedha zilitosha tangi moja na upande mmoja wa bonde, na upande ule mwingine ungengoja bajeti ambayo hakuna anayejua itakuja lini. Wahandisi walisema maji yanaweza kufika Kavuthu kwetu au Kyangunga ng'ambo, na kwamba wananchi wenyewe ndio wa kuchagua. Afisa aliyetuletea habari hiyo alitabasamu sana. Mimi nilitamani achague yeye, aende zake, tumchukie.

Unajua shida ya kwetu. Mto ukikauka tunachimba visima mchangani, na kufikia Septemba kisima kinakuwa kirefu mpaka anayechota haonekani kichwa. Kutoka hapo unapanda mlima na mtungi. Punda wetu alikufa mwezi wa saba, nadhani nilikwambia. Mimi ndiye punda sasa. Lakini maji yetu ni matamu. Kyangunga wao hawatembei mbali. Wana kisima karibu na shule, na maji yake ni ya chumvi. Nilikuwa huko kwa matanga kabla ya mkutano, nikapewa chai, nikainywa kwa adabu tu. Watoto wao wakicheka meno ni ya kahawia kwa sababu ya maji hayo. Kuna msichana mmoja alinihudumia, mzuri wa uso, na kila alipotaka kucheka alifunika mdomo kwa leso. Nilirudi naye kichwani na sikutaka kurudi naye.

Siku ya mkutano walikuja watu wengi kuliko siku ya uchaguzi mkuu. Kijana mmoja alipendekeza tupange mistari miwili ili hesabu iwe rahisi. Wazee wa pande zote mbili wakakataa kwa sauti moja, wakasema mlolongo waliuona mwaka ule wa themanini na nane, waliona mstari mfupi ukitangazwa mshindi, na hawatasimama kwenye mstari tena isipokuwa wa kununua unga. Hilo ndilo jambo pekee ambalo Kavuthu na Kyangunga walikubaliana siku nzima. Tukaamua mikono.

Kabla ya kuhesabu, mtu wa upande wetu akasema Waithera asipige kura. Unamkumbuka, mjane wa Githaiga, mwenye duka la vyakula vya mifugo. Mtu huyo alisema Waithera ni wa kuja, na hawezi kuamua maji ya Wakamba. Watu wetu wakamshangilia. Mimi nikasema Waithera amezika mume wake hapa, anachota pale tunapochota, na atainua mkono kama mtu mwingine yeyote. Walininung'unikia, lakini ikapita. Kisha Waithera akainua mkono kwa ajili ya Kyangunga! Sikumuuliza kwa nini, na hadi leo sijamuuliza. Naogopa ana sababu nzuri.

Tulihesabu. Tukahesabu tena, mara hii Ndululu akiwahesabu watu wetu na mtu wetu akiwahesabu wa kwake. Nataka ujue hivyo, Mwau, kwa sababu wewe unasema Ndululu alinunua kura. Ndululu alikuja na shati lenye kiraka na akaondoka nalo. Hakununua mtu. Hakuwa hata na nauli ya kurudi, alitembea.

Watu wa huku walikwambia tulishindwa kwa kura moja. Hilo ni kweli. Hawakukwambia jambo jingine, na naona walinihurumia, au waliniachia nikwambie mwenyewe.

Mikono ililingana, kaka. Na kanuni tuliyoiandika sisi wenyewe inasema ikilingana, mwenyekiti ndiye anayeamua.

Kura hiyo moja ni yangu. Niliipa Kyangunga.

Usiitupe barua. Soma.

Unajua wahandisi walitaka kuweka tangi wapi likija upande wetu? Mahali pa juu kabisa, ili maji yateremke yenyewe. Kavuthu nzima mahali pa juu ni pale tu kwenye shamba letu, nyuma ya jiko la Mwaitu. Nilisimama mbele ya watu wale wote nikaona tangi la watu limekaa nyuma ya nyumba ya mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye aliyelipeleka hapo. Nikakumbuka harambee ya lile tangi la kwanza, la zamani za chifu. Nikakumbuka kila nyumba ikitoa kuku au mbuzi, na chifu akituambia litajengwa ndani ya ua wake kwa usalama. Akauliza nani anapinga. Ukasema wewe. Ulikuwa na miaka kumi na tisa na ulisimama mbele kabisa, ukasema tangi la watu wote haliwezi kukaa nyumbani kwa mkubwa. Askari wake walikupeleka kambini, na ulipotoka hukuweza kukalia kiti. Mwaitu alikukanda kwa maji ya moto usiku kucha, na kabla hakujapambazuka ulikuwa njiani kwenda Garissa.

Sijakuandikia ili nikuambie kwamba nilifanya kwa ajili yako. Nilifikiria hivyo kwa siku chache, nikajiona mtu mwema, halafu nikaona ni uongo. Nilifanya kwa sababu ya yule msichana wa leso, na kwa sababu niliona aibu, na pengine kwa sababu nilikuwa nimechoka na kila mtu alikuwa ananitazama. Sijui ni ipi iliyoinua mkono. Najua tu kwamba nilijua nyumbani kuna nani, na bado niliuinua.

Mwaitu alikuwa amekaa chini ya kivuli cha darasa, mstari wa mbele, kwenye kile kiti chake kidogo alichobebewa. Aliniona. Watu wa Kyangunga walipiga vigelegele, wa kwetu wakaanza kuondoka bila hata kungoja maombi ya kufunga. Nilipoenda kumshika mkono turudi nyumbani, alimwita Waithera amshike yeye.

Tangu siku hiyo hanywi maji ninayoyaleta. Si kwamba ananitukana. Kama angenitukana, ungemtambua kuwa ni yeye. Naleta mtungi kutoka mtoni, nauweka jikoni, nikirudi nakuta amewapa mbuzi. Asubuhi anachukua kile kidumu cha lita tano kilichokuwa cha mafuta ya kupikia, anashika fimbo, anateremka mwenyewe na mguu ule unaomsumbua. Watu wanamwona njiani na wanajua kwa nini. Mara mbili nimemfuata kwa mbali. Hageuki.

Jumapili nilishindwa kuvumilia, nikapiga magoti mbele yake nikamwomba aseme chochote. Akaniuliza kama siku ile kuna mtu aliyenitisha. Nikasema hakuna. Akauliza kama kuna mtu aliyenipa kitu. Nikasema hakuna. Akauliza tena, polepole, kama hakuna askari aliyekuja nyumbani nikamficha habari hiyo nisimwogopeshe. Nikasema Mwaitu, hakuna, niliamua mwenyewe. Kisha akasema kwamba chifu alipomnyima maji na kumfukuzia mtoto, angalau alikuwa na chifu wa kumlaani, na laana ile ilimsaidia kupanda mlima miaka yote. Akaniuliza sasa yeye anapanda mlima akimlaani nani.

Niliinuka, Mwau, nikachukua mtungi nikateremka mtoni.

Kwa hiyo huyo wakili mwambie hakuna kesi. Kama ni lazima umshtaki mtu, nishtaki mimi, nitakuja mahakamani kwa miguu yangu. Ukitaka kunikasirikia, kasirika. Nimeshazoea kutosalimiwa sokoni, na wewe nitakuongeza. Mabomba yameshafika ng'ambo, tunayaona yakimetameta jua likipiga. Siwezi kurudisha mkono chini, na nikikueleza ukweli, ingekuwa leo ningeuinua tena na kulia tena. Hilo ndilo linalonichosha kuliko mitungi.

Lakini mvua haiji kabla ya Novemba, na mguu wa Mwaitu hautafika Novemba kwenye njia ile. Njoo nyumbani. Usije kwa wakili wala kwa Ndululu. Njoo umchotee mama yako maji. Yale ya kwangu anawapa mbuzi, lakini wewe alikukanda, na nadhani ya mkono wako atayanywa. Mimi nitakuwa nyuma, nitakuonyesha kisima kilipo sasa, kwa sababu kimehama tangu ulipokiacha. Hata usiposema nami njia nzima, nitaonyesha kwa kidole.

Msalimie Mbinya sana, mwambie zile kunde alizoziomba nimezifunga pamoja na barua hii. Wasalimie watoto, na Adan pia, mwambie nduguye amenivumilia vizuri. Mwaitu hajakutumia salamu kwa sababu hajui ninaandika, lakini jina lako analitaja kila asubuhi kabla ya kuchukua fimbo, hilo nimelisikia kwa masikio yangu. Mungu akulinde njiani, kama utakuja.

Ni mimi dada yako,
Nzilani.