Jina Mlangoni kwa Dada

Jumatano, 10 Juni

Nimekamua, nimepeleka maziwa, nimerudi nikakuta Imani amejipaka majivu mpaka kichwani. Kuoga mara ya pili. Maharage yameshavunwa, bado kupepeta. Baba Glory anasema yakae hapohapo yalipo, Ijumaa tunakwenda Babati mjini na watoto, tulale huko siku mbili. Aliwaahidi tangu wakati wa palizi. Watakula chipsi, watapanda bajaji, wataona viboko ziwani. Kutoka hapa Mutuka si safari, lakini kwa watoto ni sawa na kwenda Dar es Salaam.

Tutafikia kwa dada Ester. Hapo ndipo moyo unapokataa. Dada hana mtoto. Glory alilelewa kwake zaidi ya mwaka, nilipougua baada ya kumzaa Imani. Aliporudi, kuniita mama ilikuwa mpaka abembelezwe. Sijasahau.

Ijumaa, 12 Juni

Tumefika. Baridi, vumbi, kelele za sokoni. Imani kalala kwenye bajaji, kakosa yote.

Dada kafungua saluni chumba cha mbele, yeye analala nyuma. Mlangoni kuna maandishi mapya mekundu: MAMA GLORY SALUNI. Baba Glory kayasoma kwa sauti, akacheka, eti shemeji kakutangaza. Sikucheka. Mama Glory ni mimi.

Glory kamrukia shingoni hata shikamoo hajatoa. Mimi nimesimama na mabegi.

Jioni nzima wateja wanaingia. Mama Glory, nisuke. Mama Glory, una chenji? Dada anaitika. Mdomo wangu nao unafunguka, naufunga. Mmoja kaniuliza mimi ni nani. Nikasema mgeni. Nilisema kwa hasira na hakuna aliyeiona.

Najua ndivyo ilivyo kwetu. Mwanamke mtu mzima haitwi jina lake hivi hivi. Asiyezaa huitwa kwa mtoto aliyemlea, ni heshima anayopewa. Ingekuwa kwa mtoto wa mtu mwingine ningesema vizuri sana. Kwa wangu sitaki.

Jumamosi, 13 Juni, asubuhi

Kamsuka. Nimetoka kuoga nikamkuta Glory kakaa katikati ya magoti yake, kichwa kimekwisha, mistari myembamba imenyooka, shanga nyeupe kwenye ncha. Kapendeza. Hilo ndilo lililoniuma. Mimi namfunga mafundo manne kwa uzi basi, ng'ombe wananisubiri.

Nikasema zimekazwa mno, zitamtoa vipele. Nikazifumua zote. Glory kalia. Dada aliokota shanga akazitia kwenye kikombe.

Hazikukazwa. Nilisema uongo.

Jioni

Ziwani. Viboko walitoa masikio tu, Imani kawaita ng'ombe. Perege wa kukaanga, soda. Ingekuwa siku nzuri. Mwiba wa samaki ulimkwama Glory kidogo, akakimbilia kwa Mama Mkubwa wake. Mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi.

Baba Glory alipowachukua watoto kutazama mitumbwi, dada kaniomba. Januari Glory aanze darasa la kwanza huku mjini, akae kwake, Ijumaa awe anarudi kwetu. Shule ipo jirani. Godoro ameshanunua.

Nikamwambia, "Dada, zaa wako."

Ni maneno yale yale aliyoambiwa ukweni siku ndoa yake ilipovunjika. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyembebea begi mpaka nyumbani kwa baba. Leo nimeyarudia na mafuta ya samaki mdomoni.

Alinawa mikono. Akawaita watoto, baridi inaanza.

Naona aibu. Wivu nao haujaondoka. Vyote viwili vipo.

Jumapili, 14 Juni

Dada aliamka kabla yetu. Nilidhani kafuata maziwa. Tulipotoka kwenda kanisani ndipo nikauona mlango. Kafuta kwa rangi nyeupe, neno moja tu. Limebaki MAMA, halafu pengo bichi, halafu SALUNI. Kwenye kucha zake rangi ilikuwa haijatoka.

Muuza nyanya wa jirani kauliza, "Mama Glory, jina limekwenda wapi tena?"

"Limerudi kwa mwenyewe," dada akasema. "Mimi niite Ester tu."

Alisema taratibu, hakunitazama. Muuza nyanya ndiye aliyenitazama.

Mahubiri sikusikia hata neno. Wakati wa kuagana dada kampa Glory kile kikombe cha shanga. Mimi kanipa mkono, kama watu wa ofisini. Tangu tuzaliwe hatujawahi kupeana mkono.

Jumanne, 16 Juni

Kupepeta kutwa. Macho yamejaa makapi.

Glory anauliza nani kafuta jina lake kwa Mama Mkubwa. Kumbe aliona. Nimemwambia rangi iliharibika.

Jirani kapita, akaniita kwa sauti kubwa, Mama Glory, habari za mjini? Nzuri. Nililitaka liwe langu peke yangu, sasa ninalo. Halina utamu.

Jumamosi, 20 Juni

Mtoto simtoi. Nimefikiri wiki nzima na jibu ni lile lile. Atasoma hapa Mutuka, atalala kwangu, nitamsuka mwenyewe. Jana nimejaribu, na zile shanga. Mistari imepinda, mmoja umekimbilia sikioni. Kakaa nao hivyo hivyo.

Asubuhi Baba Glory alikuwa anampelekea dada debe la maharage. Nikamwambia apite dukani achukue kopo dogo la rangi nyekundu na brashi, na aende na Glory. Jina lake anajua kuliandika. Aandike pale penye pengo. Baba Glory kaniangalia, akamwita Glory wakaondoka.

Nimebaki na Imani. Kusimama pale nikimtazama anaandika, hapana. Bado sijafika huko.

Wamerudi mchana. Glory ana rangi mpaka kwenye kiwiko. Anasema herufi zimeshuka upande mmoja, baba yake alitaka kuzinyoosha, Mama Mkubwa kakataa. Kanitumia perege wawili waliokaushwa, wamefungwa kwenye gazeti.

Nikamgeuza Glory nione kichwa. Kakaa asubuhi nzima kwenye saluni ya msusi, na mistari yangu imerudi kama ilivyokwenda, imepinda vile vile, hata shanga moja haikuguswa.

Nimekwenda kukamua.