Chuma Nilichokitilia Sahihi

Audace, leo hospitalini sikuwa na miwani, sikuwa na mkalimani, wala ujasiri wa kusema sijaelewa.

Naserian, yule nesi Mkenya, aliniuliza, "Mzee, nikuitie mkalimani?" Nikamjibu, "Binti, mimi nimesoma shule ya usiku!"

Nikatia sahihi karatasi ya lugha ya huku inayosema chuma hakinidhuru. Hakinidhuru! Na wewe uliona saa ya chuma ilivyonitoa vidonda mkononi kule kambini.

Nyumbani Belyse wangu akanisomea karatasi. Nyonga bandia watakayoniwekea mwezi ujao ni chuma kilichovikwa utando wa polima, aina ya plastiki, kwa plasma, yaani gesi yenye umeme; utando mwembamba kuliko unywele. "Baba, huo utando ukikwaruzika je?"

Naogopa, ndugu yangu.

Ningempigia daktari simu, ningejifanya shujaa tena. Nimemwandikia daktari ukweli wote, nimefunga bahasha, nimechechemea mpaka posta, nimeituma.