Kazi ya Omondi kwa Kiingereza

...na kwa hivyo nikaifuta sentensi yote, shajara yangu ya mtandaoni, maana mume wangu aliisoma akacheka mpaka akakohoa.

Jumanne. Mvua imekatika, matope yamebaki. Nina miezi miwili ndani ya ndoa, na bado nikisikia viatu vyake mlangoni moyo unaniruka.

Omondi ni askari wa lango katika soko la ng'ombe hapa Oyugis. Anaomba kazi kwenye hoteli huko Homa Bay, na fomu inataka aeleze kazi yake kwa Kiingereza. Nilimwandikia mimi, kwa mapenzi yangu yote na Kiingereza changu chote cha Form Four: "I am a dynamic professional spearheading optimal security solutions." Yaani eti yeye ni mtaalamu machachari anayeongoza masuluhisho bora kabisa ya usalama.

"Nyar Lambwe, huyu ni nani?" aliniuliza, akiniita binti wa Lambwe kama kawaida yake. "Akija langoni kwangu namwitisha kitambulisho."

Nilinuna. Mchana nikampelekea chakula sokoni hivyo hivyo.

Nikakuta wanaua mtu.

Mchuuzi mmoja alikuwa amepiga kelele kwamba fahali wake ameibwa, akamnyooshea kidole mzee aliyeshika kamba ya ng'ombe. Hakuna aliyeuliza swali. Fimbo zilimshukia kichwani, mawe yakafuata, mwingine akaja na panga. Niliusikia mfupa ukivunjika. Kisha nikamwona Omondi wangu akijitupa juu ya mzee, na jiwe likampasua yeye paji la uso. Damu ilimziba macho, na bado alikuwa akiwaita watu kwa majina, polepole.

"Otieno, weka panga chini. Baba Akinyi, wewe nakujua. Wewe si muuaji."

Akamburuta mzee hadi kibanda cha tiketi, akamfungia ndani, akasimama mlangoni mpaka polisi walipofika.

Mzee yuko hai. Fahali alipatikana nyuma ya choo, anakula nyasi.

Jioni, alipotoka kushonwa hospitalini, nilimwosha damu iliyobaki. Nikamwambia anieleze kazi yake kwa Kiingereza, kama anaongea na rafiki. Akafikiri kidogo. "I work at the gate. When people fight, I go between them and talk until they stop." Yaani yuko langoni, na watu wakipigana anaingia kati yao, anaongea nao mpaka waache.

Nikaandika hivyo hivyo, nikatuma kabla sijaanza kupamba.

Nakiri hapa: nilitafuta maneno makubwa kwa sababu niliiona kazi yake ndogo. Sasa naomba tu wale wa hoteli wamchukue, atoke pale langoni akiwa mzima.

Mama, najua mdogo wangu Atieno anakusomea blogu hii. Usilie, ameshonwa vizuri. Nitakuja mwenyewe huko nyumbani Lambwe nikueleze, kabla mwezi huu haujaisha.