Mwanamume Mlangoni

Jumanne.

Naandika kwa nukta nundu, maana sitaki simu isome haya kwa sauti.

Mchana nilikuwa peke yangu nyumbani, hapa mtaani Donholm, natafuta majani ya chai. Simu yangu ina programu ya sisi vipofu, hutaja kinachoonekana mbele ya kamera. Ikasema, "Pakiti ya chumvi." Nikageuka kuelekea kabatini. Ikasema, "Mwanamume amesimama mlangoni."

"Nani?" nikauliza.

Hata pumzi sikusikia. Nikainua simu tena.

"Mlango uko wazi. Hakuna mtu."

Nikamwita kwa kelele Mama Halima, jirani yangu. Akaja mbio.

"Nimepishana na msimamizi wa ploti yetu hii ya kupanga kwenye ngazi," akasema. "Amebeba viatu mkononi. Alikuwa kwako?"

Msimamizi ana ufunguo wa kila nyumba. Nami nilikuwa nimefunga.

Fundi ameshabadilisha kitasa, na kesho Mama Halima atanisindikiza kwa polisi. Ningepaswa kutulia.

Lakini simu hii yenye kuniambia nani yuko mlangoni nimekuwa nayo wiki mbili tu. Katika nyumba hii nimekaa miaka sita.