Visu vya Babu Yako Mpya

Mjukuu wangu Baraka,

Hapa Shanwe tu wazima, na mimi bibi harusi nacheka peke yangu jikoni! Usinionee wivu.

Umeuliza kama sikumwogopa Yohana na visu vyake vya kukunja. Niliogopa sana! Siku ya kujitambulisha alivipanga mezani kutuonyesha: cha Burundi, cha Zambia, cha Kongo, alivyovikusanya akiendesha lori. Kaka yangu akamtania, "Shemeji, umekuja kuoa au kuchinja?"

Yohana akavikunja vyote, akanipa. "Kaa navyo mpaka uache kuniogopa."

Leo asubuhi, akienda Sitalike, nilimtilia mimi mwenyewe kile cha Zambia mfukoni. Sasa jua linazama, hajarudi, na simu yake haipatikani. Naogopa kuliko siku ile, ila simwogopi yeye tena.

Bibi yako, aliyesimama mlangoni.