Kikapu Changu cha Kwanza cha Chai

Kapkatet, Jumamosi, 12 Machi 1994

Nimeahidi kuandika yote, hata ya aibu. Leo, mara ya kwanza tangu tuhamie Kenya, nilimsaidia jirani yetu Mama Cheptoo kuchuma chai. Kwetu Bukoba tunachuma kahawa iliyoiva, changa tunaiacha. Basi nikajaza kikapu majani makubwa.

"Wee Koku, hii ni chai ama ni ya ng'ombe?" Mama Cheptoo alicheka, lakini akanionya kuwa karani wa kituo cha kununulia chai hapokei majani magumu.

Nikamwaga, nikaanza upya, majani mawili na chipukizi, mpaka saa tisa.

Kituoni karani alipekua kikapu, akauliza nani amechuma.

"Si ni huyu msichana yangu!" Mama Cheptoo akamjibu.

Msichana wake, mbele ya foleni nzima.

Kesho namwandikia Bibi, aliyebaki Bukoba. Anijibu upesi: kahawa yetu sasa anachuma nani?