Herufi P na N kwenye cheti cha Tabea

Makambako, Julai 1954

Mpendwa Mama Mshauri, kwanza unisamehe kwa kuchelewa, siku tano nzima nashika kalamu naiweka chini, maana niliona nikiliandika jambo hili litakuwa kweli.

Nina mtoto mmoja, Tabea, mwaka na miezi minne, baba yake yuko Njombe kwenye mashamba ya miti ya miwati. Mtoto alishikwa na kikohozi, nikampeleka hospitali, akachomwa sindano mbili, nikaambiwa nimrudishe kila siku mpaka zitimie sita, nikapewa na cheti cha Kiingereza. Mimi niliishia darasa la nne, Kiingereza sina ila herufi nazijua, na njiani nikaona neno “dyspnoea”, p na n zimekaa pamoja, kitu ambacho hakipo kwenye Kiswahili wala Kibena chetu, nikakumbuka cheti cha mtoto wa jirani yangu Emerensiana, “pneumonia”, nacho kilikuwa na p na n hizohizo, na yule mtoto tulimzika mwezi wa tano. Nikamwonyesha shemeji yangu Alois, aliyewahi kumfulia nguo Mzungu, akasema, “Shemeji, mbona liko wazi? Dis ndiyo dai, na dai kwa Kiingereza ni kufa. Wameshaandika hao.” Mama mkwe akasema basi mtoto asiteswe bure na sindano, akae kwenye joto, tukamfungia chumbani na moto wa kuni za miwati, na sasa akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani, nami nakaa namhesabia. Hospitali sijarudi.

Sasa naomba unitumie haya: maana ya neno hilo, kipande kwa kipande, maana ya “bronchitis” lililo chini yake, na maneno ya kumwambia mama mkwe.

Juliana

JIBU

Pole, Juliana. Barua yako ilifika Jumanne na jibu hili limeondoka kwa posta Jumanne hiyohiyo. Gazetini nalitoa kwa ajili ya kina mama wengine wanaoogopa vyeti.

Maneno hayo asili yake ni Kigiriki, na madaktari huyaunga vipande. “Pnoea” ni kupumua, “dys” ni kwa shida. Basi! Daktari ameandika kile ulichokiona kwa macho yako: mtoto anapumua kwa shida. “Bronch” ni njia za hewa kifuani, “itis” ni kuvimba. Na “pneumon” ya mtoto wa Emerensiana ni pafu. P na n zinafuata pumzi, mama, hazifuati kaburi. Alois afue nguo, vyeti aviache.

Lakini sikufichi. Cheti hakikuandika kifo. Moshi ule na sindano nne alizokosa ndivyo vinavyoweza kukileta. Kuogopa sikulaumu, hata mimi ningeogopa. Nakulaumu kwa kumwuliza dobi ukamwacha mganga wa hospitali aliyeandika.

Mama mkwe mwambie hivi, kwa adabu, huku unatoka: “Mama, joto atalipata mgongoni kwangu.” Mbavu zikiingia ndani, hakuna kungoja kesho wala kumngoja baba yake. Wakikugombeza hospitali kwa kuchelewa, nyamaza. Wagombeze huku wanachoma sindano.

Na kama umesoma mpaka hapa na bado Tabea hayuko mgongoni, kunja karatasi hii umfunge. Utaisoma tena mkishafika.